Hivi Bongo Flava ya 2000 mpaka 2006 ilikuwa bora kweli, au ni kwa sababu tulikuwa na miaka 15?

MtotoWaKeko

Wakuu salaam. Hili swali nimelibeba tangu arobaini ya mzee wangu mwezi uliopita, naomba mnijibu kwa ukweli wenu bila kuoneana aibu.

Mimi ni mtu wa 2000 mpaka 2006. Nikisema muziki wa Bongo nazungumzia enzi za maprodyuza P-Funk pale Bongo Records na Master Jay pale MJ, Professor Jay ametoka Hard Blasters ameanza kuchana peke yake, Juma Nature na Temeke yake, Lady Jaydee, Solo Thang, Wagosi wa Kaya wanatoka Tanga kuja kuwasema wauguzi hadharani. Miaka yote nimebisha kwamba nchi hii haijatoa muziki ukaufikia ule, na ukinibishia nakutajia mistari mpaka unyamaze.

Sasa sikilizeni. 2002 niko kidato cha pili, nyumbani tuna redio kaseti moja ya mzee na hela ya kaseti tupu mimi sina. Mzee alikuwa dereva wa malori, alikuwa na kaseti zake kama ishirini hivi kwenye boksi la viatu. Nikachukua moja imeandikwa kwa biki ya bluu MLIMANI RTD, yaani bendi ya dansi ya Mlimani Park ilivyopigwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Ilikuwa imevunjwa vile vijino vya juu ili isirekodiwe tena, mi nikakunja karatasi nikaziba vile vitundu, nikapiga na selotepu juu yake, usiku nikakaa na kidole kwenye kitufe kusubiri nyimbo za top ten. Upande mzima nikaujaza rap. Nikaona nimefanya bonge la kazi.

Jumamosi mzee amerudi safari, kaoga, kakaa kwenye kiti chake cha kamba, kaweka ile kaseti. Badala ya magitaa akatoka mtu anachana. Nilikuwa mlangoni nikajua leo nakufa. Mzee hakuizima, akasikiliza mpaka upande ukaisha wenyewe, kile kitufe kikaruka, akaitoa akaiangalia ile selotepu, akasema "huyu mbona anasoma risala?" Basi, hakuongeza neno, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Kwenye arobaini binamu yangu akafungulia Sikinde, hao hao Mlimani Park, kwenye spika, wazee wote kimya, na mama ambaye sijawahi kumsikia akiimba kitu kisicho cha kanisani akaanza kuitikia kiitikio pole pole huku anapepeta mchele. Na mimi nikajikuta najua gitaa linapoingia, najua tarumbeta zinakuja wapi, yote, muziki ambao ningeapa siupendi. Mama ndo akaniambia ile kaseti niliyoifuta mzee aliirekodi mwenyewe redioni kabla mimi sijazaliwa, walikuwa wanaisikiliza wawili wakati hawana hata kitanda.

Wiki iliyofuata niko na mwanangu wa miaka 13 kwenye gari, nimeweka vitu vyangu vya 2001, dogo ananiuliza "baba huyu anaongea tu, anaimba saa ngapi?"

Nilipaki pembeni wakuu. Kwa hiyo nauliza, muziki wa enzi fulani unaweza kuwa bora kweli kuliko wa enzi nyingine, au kila mtu anapenda ujana wake tu?

SoloLaPili

Mwanangu pole sana kwa msiba, Mungu amlaze mzee pema. Mimi umri wangu ni wa huko huko kwa baba yako, nipo Morogoro, na gitaa nimelipiga miaka tisa kwenye bendi ya shirika moja la umma, kwa hiyo nakujibu nikiwa upande wa kaseti iliyofutwa.

Kitu ambacho vijana hamkuambiwa ni kwamba sisi tulikuwa waajiriwa. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika majina kila chama kilipobadilika jina, JUWATA, OTTU, mpaka hii Msondo Ngoma mnayoijua. Mlimani Park ya 1978 ilianza chini ya shirika la usafiri na teksi ndo baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Urafiki ni bendi ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Polisi walikuwa na yao, Magereza yao, jeshi ndo usiseme. Vyombo ni vya mwenye bendi, wewe unaingia kazini asubuhi kama karani, kazi yako ni mazoezi. Asubuhi mazoezi, jioni ukumbini, saa tatu usiku mpaka majogoo, siku nne tano kwa wiki. Mtu ukilishika rithimu lile lile masaa kumi kila siku kwa miaka sita, vidole vinakuwa na akili yao.

Halafu ukisikiliza kitu cha Mlimani usisikilize mwimbaji kwanza, sikiliza magitaa. Kuna solo, kuna solo la pili, kuna rithimu, kuna besi, na hakuna hata moja linalopiga kitu kimoja na mwenzake, kila mmoja ameshika kipande kidogo ambacho peke yake ukikisikia unaona kama mtoto anajifunza. Ukiviweka pamoja ndo unasikia sauti ya tano ambayo hakuna mtu anayeipiga. Mimi solo la pili lilikuwa langu, nikikosa usiku mmoja kwa homa watu ukumbini walikuwa hawajui kimepungua nini ila walikuwa hawachezi vizuri. Wimbo unaanza taratibu, mnasimuliwa kisa, maneno yanakwisha, mnaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, na hapo hakuna wa kukaa. Ndo maana wimbo ulikwenda dakika nane. Mwanao akiuliza anaimba saa ngapi mwambie hata babu yake alisubiri.

Na kurekodi ilikuwa RTD. Mnaingia studio bendi nzima, mnapiga wote kwa mpigo mmoja, mmoja akikosea mnarudi mwanzo wote. Maneno yanapitiwa kwanza. Hapakuwa na kiwanda cha sahani nchini cha kutegemea, wengi wetu nyimbo zetu hazikuwahi kutoka hata kwenye santuri, zilibaki kwenye mikanda ya redio, na mwananchi akitaka kuwa nazo ni kufanya alivyofanya baba yako, kukaa na kidole kwenye kitufe. Kwa hiyo mwanangu mlifanya kitu kile kile nyinyi wawili.

Sasa ukweli wa pili, na wenzangu watanikasirikia. Hatukuwa na vipaji kuliko nyinyi. Tulikuwa na mshahara na muda. Na tulipiga nyimbo mbaya nyingi mno, za kumpokea mkuu huyu, za kusifu mkutano ule, tumefunga mwezi na kufungua mwezi tunapiga hizo, leo hakuna anayezikumbuka hata sisi tuliozipiga. Zile mnazozisikia Jumapili redioni ndo mchele, pumba zilishapeperuka zamani.

Mwana_Manzese

Shikamoo mzee SoloLaPili. Kaka mtoa mada pole pia.

Mi nina 22 na ni mtu wa singeli, najua wengi hapa mkisikia singeli mnafunga dirisha. Ila hilo neno la mzee la mwisho ndo nilitaka kulisema, mnachukua nyimbo kumi bora za miaka ishirini mnazifananisha na kila kitu kilichotoka juzi Ijumaa pamoja na takataka zake, lazima za sasa zionekane mbovu. Ngojeni 2045 mje mniambie.

Halafu mnasema hatuna vyombo hatuna asili. Singeli imetoka wapi kwani? Kabla yake kulikuwa na mchiriku, vijana wa uswazi wanapiga kinanda kidogo cha Casio na ngoma, spika za kuazima, na ule mchiriku wenyewe umetoka kwenye ngoma za Kizaramo. Madjei wetu wa kwanza walikuwa wanakata kipande cha ala ya taarabu wanakizungusha na kukiongezea spidi, MC anaingia juu yake hana karatasi. Leo inakimbia biti 200 kwa dakika na kuzidi. Bibi yangu mzaa mama akisikia ananiambia hiyo ngoma naijua ila mmeitia wazimu, ila kuijua anaijua.

Mi nimekulia chumba kimoja watu sita. Kigodoro, ile ngoma ya usiku ya mtaani, kikipigwa yaani mtaa mzima unatoka, mama ntilie yupo, mwizi yupo, mtoto wa mjumbe yupo, hakuna kiingilio hakuna anayeuliza umevaa nini. Hicho kitu ukumbi wa DDC haukuwa nacho maana pale ulilipa. Siwezi kukwambia ni bora kuliko Sikinde sababu Sikinde sikuwepo. Nakwambia tu mtu akiniambia huu wangu si muziki naumia kabisa, si utani.

DadaMwenge

MtotoWaKeko pole, na hongera kwa kusema hilo la kaseti, si wengi wangesema.

Mimi ni rika lako na Bongo Flava ya wakati ule naipenda pengine kukushinda, lakini nadhani swali lako lina tundu. Bora kwa nani? Mzee ametueleza vizuri sana dansi na nimejifunza, ila nimesikiliza zile nyimbo tangu mdogo na mwanamke ndani yake muda wote anasimuliwa. Zuwena kafanya hivi, Mary Maria kafanya vile, tamaa ya mwanamke, mwanamke karudi kwao, na anayesimulia ni mwanaume na amevaa suti. Kwenye jukwaa la bendi mwanamke ulimwona akicheza zaidi kuliko kushika maiki. Sauti za wanawake zilikuwa kwenye taarabu, na huko zilikuwa za zamani kweli kweli, Siti binti Saad alivuka bahari kwenda kurekodi Bombay 1928, bendi hizi bado hazijazaliwa. Ukimuuliza bibi yangu wa Ng'ambo kule Zanzibar enzi bora ilikuwa lini hatakutajia Sikinde wala P-Funk.

Kwa hiyo Jaydee aliposimama mwanzoni mwa miaka ya 2000 na nyimbo zake mwenyewe, jina lake peke yake kwenye kava, mimi nikiwa msichana wa shule sikuwa nasikiliza tu biti. Nilikuwa naona. Hiyo si ujana tu, kuna kitu kilibadilika kweli nchini na muziki ulikuwepo hapo hapo kinapobadilika.

Na kilichobadilika kinajulikana. Mpaka 1993 hewani kulikuwa na redio ya serikali, basi. Sheria ikabadilika, Radio One ikaja 1994, baadaye Clouds na nyingine, ghafla kuna masaa matupu ya kujaza na kuna vijana ambao hawana bendi wala ajira ila mtu mwenye kompyuta anaweza kumtengenezea biti. Ule muziki usingeweza kutokea 1980 hata kama vijana wale wale wangekuwepo, na dansi ya mzee isingeweza kutokea 2002 maana mashirika yaliyolipa mishahara yalishauzwa au kufa. Vifo na uzazi vilipishana mlangoni.

Mfano mmoja tu ambao mimi unanigusa. Remmy Ongala, mwanamuziki wa dansi, alitoa wimbo wa kuwahimiza watu kutumia kondomu wakati UKIMWI unatumaliza, na redio ya taifa ikakataa kuupiga. Watu waliupata kumbini na kwenye kaseti. Miaka kama kumi na kitu baadaye Ferouz akiwa na Professor Jay anamwimba kijana anayekufa kwa ugonjwa ule ule, anaaga, na redio zinaupiga asubuhi mchana jioni. Mimi kwenye ukoo wetu tulizika watatu kati ya 1996 na 2004, na nakumbuka mama mdogo alikuwa anaosha vyombo wimbo ule ukapigwa akaacha maji yanatiririka bomba wazi. Hakuna mtu nyumbani alikuwa amewahi kulitaja jina la ugonjwa, wimbo ukaliingiza jikoni.

Hilo la umri nalo ni kweli, waliosomea mambo ya kumbukumbu wanasema ya ujanani ndo yanaganda zaidi, ya kwenye kumi na kitu mpaka ishirini na kitu, nyimbo zikiwemo. Ila kuganda kwake hakufanyi kuwa uongo.

MswahiliWaLikoni

Nami niingie kidogo kutoka Mombasa. Sisi huku tunabishana haya haya, wazee wa bendi ya Les Wanyika kwa upande mmoja, sisi wa wakati wa studio ya Ogopa na marehemu E-Sir yule rapa, na hawa watoto wa gengetone, rap ya mitaani ya Nairobi, ambao babangu akiwasikia aenda kulala.

Nilitaka kumwongezea mzee wa Morogoro kwenye habari ya santuri. Simba Wanyika walikuwa ndugu wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, wakapitia Arusha, miaka ya 70 mwanzoni wakaanzisha bendi huku Kenya na wakabaki. Kwa nini? Kampuni za sahani zilikuwa Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro, vile vile sahani zake zilipigwa huku, na ni huku alipofia, ajali ya gari hapa Mombasa Januari 1979, babangu yuasema mtaa mzima ulinyamaza kama kwamba amekufa mtu wa nyumba yetu. Kwa hiyo waimbaji wa kwenu waliokuja huku twawasikia mpaka leo safi, na wengine wazuri pengine kuwashinda waliobaki Dar wako kwenye mikanda. Sasa mtu atasemaje enzi hii bora enzi ile si bora na nusu ya enzi yenyewe haikusikika? Hilo laniuma mimi zaidi ya kubishana.

Na wewe ndugu wa Keko usijilaumu sana, ulikuwa mtoto.

MtotoWaKeko

Nimesoma zote, nyingine mara mbili, asanteni sana. Shikamoo mzee SoloLaPili, nimechelewa kukuamkia.

Dada umenishika hapo kwa Zuwena, sikuwahi kuwaza, na nina binti pia. Mdogo wangu wa Manzese nisamehe, mimi ni mmoja wa wanaofunga dirisha na nimewahi kusema hilo neno kwamba si muziki, mbele za watu. Mzee wangu alikuwa na haki zote za kulisema kuhusu muziki wangu na hakulisema, alisikiliza upande mzima dakika thelathini mpaka kitufe kikaruka. Mimi kwa mwanangu sijamaliza hata wimbo mmoja anaoupenda.

Bado naamini kwa mashairi, kwa mtu kusimama na kusema maisha ya mtaani kwa mpangilio, 2000 mpaka 2006 haijapata mwenzake, hilo sitalibadili, mtanizika nalo. Lakini jana usiku nimefanya alivyosema mzee, nikavaa hedifoni nikamwacha mwimbaji nikafuata gitaa moja tu. Nimelifuata lile la pili kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nililipoteza mara nne. Nikilipata tena najikuta natikisa mguu kabla sijajua nimelipata.

Mzee nina ombi. Ile kaseti upande wa kwanza ulioenda na rap zangu mama hakumbuki majina ya nyimbo. Anakumbuka tu kwamba wimbo wa kwanza ulianza na tarumbeta bila gitaa, na mwisho wa upande mtangazaji anaanza kusoma saa halafu inakatika. Mzee alikuwa amekata hapo.

SoloLaPili

Marahaba mwanangu. Tarumbeta kwanza bila gitaa wanaweza kuwa ni Mlimani wa miaka ya 80 mwanzoni na zipo tatu nne zinazoanza hivyo, kwa maneno tu siwezi kukutajia. Mimi nina kaseti kumi na moja za RTD, nne zimeshika ukungu, saba zinapiga. Kuna kijana hapa jirani ana kifaa cha kuzihamishia kwenye flashi, nimeshamwambia.

Njoo na mama. Wewe huwezi kuutambua, yeye ataujua ukianza tu. Jumapili baada ya ibada nipo, ukifika stendi ya Msamvu nipigie. Na mjukuu mlete, asipende, ila akae mpaka upande uishe.

Mwana_Manzese

Mzee na mi naweza kuja? Ntakaa kimya. Nataka kusikia hiyo sauti ya tano.

SoloLaPili

Njoo mjukuu wangu. Uje na hiyo singeli yako pia, nina upande B mmoja mtupu.